Soksi ya Sahani

Siku ya nne baada ya kumzika Bwana Mashauri, binti yake alikuja kwangu na mfuko. Alitoka Sengerema asubuhi, akaingia uani ameukumbatia kifuani, viatu vina tope kavu la makaburini ambalo hakuwa amepata nafasi ya kulifuta. Akaniamkia, nikamwitikia, nikampa kiti. Alisema baba yake alimwagiza kabla sauti haijamtoka: mfuko ule urudi kwa Tereza fundi cherehani, Igogo, na urudi kwa mkono, usipelekwe na mtu wa kutumwa. Nikaupokea. Nilipouweka mezani kitu ndani yake kikagonga ubao, kisha kikachakarika, kikatulia. Sikuufungua. Nilimpa chai, akanywa nusu kikombe, na akiwa bado anaeleza jinsi mvua ilivyowasumbua siku ya mazishi, macho yakamfumba. Hakuwa amelala siku nne. Nikamtandikia mkeka chini ya dirisha, nikamfunika kanga, nikakaa karibu naye. Mwanga wa ziwa unaingia chumbani kwangu saa hizo za mchana na kuchezacheza darini, na yeyote anayekaa ndani ya mwanga ule hawezi kusema kwa hakika yuko mwaka gani.

Mfuko niliutambua kwa mshono. Ni turubai la kijani lililokwisha kuwa rangi ya majivu, uzi wa katani uliopakwa nta, na kimfuko kidogo ubavuni chenye kifuniko cha kufunga kwa kamba. Mkono wangu wa siku zile ulikuwa ukivuta uzi kwa nguvu kupita kiasi, nikidhani nguvu ndiyo ufundi. Niliushona mwaka wa Uhuru, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini, na cherehani ya mkono niliyoiweka barazani kwa Bi Zuhura.

Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa na vyumba sita vilivyozunguka ua, hapa hapa Igogo, karibu na ziwa kiasi cha kusikia wanawake wakipigapiga nguo kwenye mawe asubuhi. Bi Zuhura alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara bila kusimama. Ijumaa alipika pilau na kutugawia wote, Waislamu na Wakristo, na sufuria yake ikitoka kwake imejaa hairudi tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ua ule, kama ilivyo kwa watu wengi wa huku: chombo cha jirani ukikirudisha, tia chochote ndani, hata ndimu moja, hata chumvi kidogo kwenye jani. Mpangaji mmoja aliwahi kurudisha bakuli tupu, lililooshwa likang'aa, na Bi Zuhura akalitazama ndani kwa muda mrefu, akamwuliza kama nyumbani kwao kuna msiba. Mimi nilifunzwa hivyo tangu utotoni, sikuwahi kufikiria kwamba sheria nzuri namna hiyo inaweza kumdhuru mtu.

Bwana Mashauri alipanga chumba cha pembeni, kile kilichopata kivuli tangu saa sita. Alikuwa mtu mzima wa miaka karibu arobaini, mwembamba, mwenye mke na mtoto mdogo Sengerema ng'ambo ya ghuba, na alikwenda kuwaona kila mwisho wa mwezi kwa boti. Alikuwa amepigana Burma. Hakusimulia vita, ila alikuwa na desturi ya kutazama chini anapotembea, hata uani, hata kwenda chooni. Huko Burma alifundishwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini kwa mashine inayosikia chuma, na miaka mingi baadaye ufundi huo ukampatia kazi Mwanza. Mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kufufua bomba la zamani la maji lililopita chini ya Igogo. Ramani yake ililiwa na mchwa kabatini, likabaki bomba ambalo wazee wote walijua lipo na hakuna hata mmoja aliyejua lilipo. Ilitakiwa ipatikane koki kuu, iliyofukiwa mahali fulani chini ya kifuniko cha chuma. Ikipatikana, maji yangefika kwenye nyua zetu, nasi tungeacha kupanga ndoo tangu alfajiri kwenye bomba moja la mbali, au kuchota ziwani pamoja na ng'ombe.

Mashine yenyewe ilikuwa mti mrefu wenye sahani ya mbao mwishoni, sanduku la betri la kubeba mgongoni, na visikilizio vya kuvaa masikioni. Sahani ndiyo iliyopitishwa juu ya ardhi. Ndani yake, alinieleza, kuna koili, nyaya za shaba nyembamba kama nywele zilizozungushwa mara nyingi sana na kufungiwa kwa nta. Koili ndiyo sikio, alisema, na mengine yote ni mwili wa kulibeba. Sahani ilikuwa moja tu, kuukuu, imepigwa varnishi mara tatu, na Mwanza nzima hapakuwa na nyingine. Msimamizi wake, Mgoa mmoja mpole tuliyemwita Bwana Pinto, alimwambia wazi kwamba sahani ile ikifa, kazi yake nayo imekufa.

Sasa fikiria ardhi ya Mwanza. Ni mawe juu ya mawe, na pasipo na jiwe kuna changarawe kali. Sahani ilitakiwa ielee kidole kimoja juu ya ardhi, isiguse, lakini hakuna mkono wa mtu unaoweza kuelea kutwa nzima. Ilisugua. Ikagonga. Varnishi ikaanza kuondoka ukingoni na mbao ikaonekana. Ndipo alipokuja barazani kwangu na kipande cha turubai la hema, akaniomba niishonee sahani nguo. Alinipa sharti moja, akalirudia mara tatu: pasiwe na chuma, si kifungo, si pini, si kishikizo, na nihesabu sindano zangu kabla sijamkabidhi. Bi Zuhura alikuwa akichambua mchele karibu yetu. Alisema katika umri wake ameona mbuzi wakivishwa kengele na maiti wakivishwa sanda, lakini sahani kuvishwa soksi ndiyo mara yake ya kwanza. Tangu siku hiyo ikaitwa soksi.

Soksi ya kwanza ya turubai iliishi siku tisa, changarawe zikaila. Ya pili nilishona kwa ngozi ya ndama, nikajisifu nayo, ikanyeshewa na mvua, ikakauka juani na kujikaza hadi ikaibana sahani kama ngoma. Tulipojaribu kuivua tulisikia mlio mdogo wa mbao, kach. Bwana Mashauri alikaa chini papo hapo, akaipakata sahani, kisha akaijaribu mpaka akahakikisha bado inasikia. Ngozi tuliiacha. Ya tatu ilikuwa ya mpira. Alileta tyubu kuukuu ya lori, nikaikata kwa wembe, nikatupa kile kijipua cha shaba cha kujazia upepo, nikazungusha ukingo na kupitisha kamba ndani yake, ikawa inafunga kama mdomo wa mfuko. Mpira uliteleza juu ya mawe wala haukuchanika. Nilifurahi kuliko siku niliyomaliza gauni langu la kwanza la harusi.

Lakini siku ya tatu mashine ikaanza kunung'unika bila sababu. Akaivua soksi, tukakuta ndani mchanga mweusi, ule mzito wa ufukweni, ambao alisema una chuma ndani yake. Mchanga ulikuwa umeingia kwa juu na kunaswa kati ya mpira na mbao, na kwa siku tatu ulikuwa ukiisaga varnishi polepole, mahali ambapo jicho halifiki. Alinionyesha ile mikwaruzo ya mviringo. Nikamwomba radhi. Akasema si kosa la mshono, soksi lazima ivuliwe kila jioni, na asiyeivua ni afadhali asiivishe.

Hivyo jioni zangu za mwaka ule zikawa na saa yake. Jua likielekea upande wa Kamanga, ng'ambo ya ghuba, Bwana Mashauri aliingia uani amejifunika koti hata kukiwa na joto, na sahani iko chini ya koti. Alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu, akaivua soksi, akaigeuza na kuikung'uta. Alipuliza ukingo wa sahani, akaupangusa kwa kitambaa laini kilichokuwa kanga ya mkewe, tena bila kukandamiza, kama unavyofuta uso wa mgonjwa. Kisha waya. Waya utokao kwenye sahani aliukagua wote; kazini aliuzungusha kwa kubana kwenye mti, na mimi nikamshonea vitanzi vya kitambaa vya kuufungia, maana waya unaoning'inia huchoka pale unapoingilia, na ukichoka unaanza kusema uongo masikioni. Mwisho aliilaza sahani kivulini, chali. Nyuma ya ukuta wetu waliishi makuli wawili wa bandarini, na sauti zao zilipita kwenye udongo kana kwamba wamekaa nasi. Mmoja alisema Uhuru ukija kila ua utakuwa na bomba na maji yatakuwa ya bure. Mwenziwe akamwuliza kama bomba hilo litajichimbia lenyewe, au Uhuru utashuka na sululu begani. Bwana Mashauri alitabasamu chini kwa chini, akaendelea kupangusa. Tulikula ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, au matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai wakati wa ukata, na moshi wa majiko ya ua mzima ukakaa juu yetu bila kwenda popote.

Siku moja alipitia uani na mashine nzima kabla ya kuirudisha kazini, akanivisha visikilizio. Nilishika mti kwa mikono miwili, akanionyesha jinsi ya kupitisha sahani, kushoto, kulia, kama mtu anayefagia kitu asichotaka kukiamsha. Masikioni kulikuwa na mvumo kama nyuki mmoja ndani ya chupa. Nilitembea juu ya ua niliokuwa nikiufagia kila siku, na mara mvumo ukapanda, ukawa kilio chembamba, nikasimama. Alichimba kwa kijiti akatoa msumari. Hatua chache mbele, kifuniko cha birika. Karibu na mlango wa Bi Zuhura, kufuli kubwa lenye kutu, na Bi Zuhura alipoliona akalifuta kwa kanga yake kama kitu cha marehemu, akalichukua ndani. Alipotoka alikuwa amejirudia, akataka mashine ipitishwe kwenye vifua vya wanaume wa ua ule ijulikane nani ana moyo wa chuma. Watu walicheka. Mimi sikuwa nikisikia kicheko chao vizuri. Nilikuwa bado na nyuki wangu masikioni, nikihisi ardhi chini ya miguu ni nyumba yenye watu waliolala, na kwamba mahali fulani humo bomba limenyooka gizani likisubiri. Sijawahi kusikia tena kitu kama kile. Wakati mwingine hunijia usingizini.

Niseme pia lililo kweli, maana sina sababu ya kulificha sasa. Sitasema nilimpenda kwa namna ile ambayo watu wangeidhania, wala sitasema sikumpenda. Nilisubiri jioni. Hilo ndilo ninalolijua kwa hakika.

Sahani haikuruhusiwa kulala kwetu. Amri ya kazi ilikuwa kwamba mashine yote ifungiwe kila siku kwenye stoo ya mkandarasi. Lakini stoo ile ilikuwa ya mabati juu na ubavuni, na Jumapili mchana ndani yake mtu angeweza kuchemsha yai. Bwana Mashauri alisema joto lile linalainisha nta, na nta ikilainika nyaya zinasogea, na zikisogea sikio limekwisha. Basi alifungia stoo sanduku la betri na ule mti, akaja na sahani na waya wake chini ya koti. Aliilinda kwa kuvunja amri. Ua mzima ulijua na hakuna aliyesema. Alipokosa cha kuibebea ndipo nilipomshonea huu mfuko, wenye kimfuko cha ubavuni cha kuwekea kitambaa na brashi. Usiku aliutundika kwenye boriti ya chumba chake kwa kamba.

Jumamosi moja, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza, alirudi mapema, na uso wake ulikuwa na kitu. Aliniambia kwa sauti ndogo, mimi peke yangu, kwamba amesikia. Ilikuwa nyuma ya soko, kwenye lile jiwe kubwa lenye ufa: hatua kumi na moja kutoka kwenye ufa kuelekea ziwani, mlio mpana, wa kitu bapa na kizito. Alipigilia kigingi pale. Jumatatu angepita tena kuhakikisha, kisha amwambie Bwana Pinto, maana hakuwa mtu wa kutangaza sauti aliyoisikia mara moja. Mshipi wa mfuko ulikuwa umefumuka. Aliniachia niushone, akaenda kuoga.

Nilimaliza kabla ya magharibi. Nikaushika ule mfuko na kuona ni mtupu. Nikaingia ndani, nikachota karanga za kukaanga konzi mbili, nikazifunga kwenye karatasi, nikazitia kwenye kimfuko cha ubavuni na kukifunga kamba. Sikumwambia. Nilitaka azikute mwenyewe Jumatatu kazini, atakapotafuta kitambaa, ajue kwamba mtu amefurahi pamoja naye. Nilimkabidhi, akatia sahani ndani, iliyokwisha kusafishwa, kwa hiyo hakuwa na haja ya kufungua ubavuni. Akautundika. Jumapili hakuna aliyeugusa.

Paka wa Bi Zuhura alikuwa mzee, anayengoja dagaa aletewe. Panya walishuka kwa kamba. Walizila karanga, na zilipokwisha wakaendelea na kilichonukia mafuta na nta. Jumatatu asubuhi nilisikia Bwana Mashauri akiita jina langu, si kwa kelele. Alikuwa amekaa kitandani na sahani mapajani. Waya ulikuwa umekatwa pale unapoingilia, mbao imetafunwa pakawa na tundu la kuingia kidole, na kutoka ndani ya tundu zilichomoza zile nyaya za shaba, zimekatika nyingi, zinang'aa kama nywele za mtoto wa Kizungu. Kwenye turubai palikuwa na maganda mekundu ya karanga. Aliyatazama, akanitazama. Nilifungua mdomo. Akasema nisiseme kitu kwa mtu yeyote, akaanza kuyaokota maganda moja moja.

Kwa Bwana Pinto alieleza kwamba alisahau chakula chake ndani ya mfuko, stoo, na panya wa stoo wamefanya kazi yao. Bwana Pinto alikasirika, lakini uzembe wa namna ile ulikuwa na adhabu yake ya kawaida. Aliagiza koili nyingine Nairobi, na mpaka itakapofika Bwana Mashauri apewe sululu, achimbe mitaro na vibarua. Hakufukuzwa. Hilo nililijua. Alikuwa amepona, nami nikashindwa kukaa ndani ya kupona kule. Nilimwona akirudi jioni viganja vimechubuka, na wale makuli ukutani wakisema msikilizaji wa ardhi sasa ameamriwa aitafune. Alipokaa kwenye kigoda mikono yake haikuwa na cha kufanya, ikabaki magotini. Nilihesabu siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu niliazima viatu vya Bi Zuhura, vilivyonipwaya, nikaenda ofisini kwa mkandarasi bila kumwambia mtu.

Bwana Pinto alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nikasema karanga zilikuwa zangu, nilizitia mimi kwenye mfuko, Bwana Mashauri hakujua, na adhabu aliyopewa haimhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Ulimpa mfuko wapi?"

"Nyumbani, kwa Bi Zuhura."

"Na mashine ilikuwa wapi?"

Hapo nikaona nilipofika. Bado ningeweza kusema sijui. Miaka yote hii nimerudi kwenye kiti kile, nikitazama dirisha lake na ule mwanzi wa pazia, nikijiuliza kama ulimi wangu ungeweza kugeuka. Haukugeuka.

"Sahani ilikuwa chumbani kwake."

"Siku hiyo tu?"

"Kila siku," nikasema.

Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake. Alinishukuru. Alisema mimi ni binti mkweli na wazazi wangu wamenilea. Jioni ile Bwana Mashauri aliingia uani mapema, bila koti. Kuacha chakula karibu na mashine ni uzembe, lakini kuitoa stoo kila siku bila ruhusa kuliitwa jina jingine, na jina hilo halikuwa na sululu wala mtaro, lilikuwa na kufukuzwa tu. Aliniomba maji ya kunywa. Akanywa amesimama, akanirudishia kikombe, akasema, "Ungeniuliza kwanza, Tereza." Sijawahi kupigwa kofi zito kama hilo, na lilikuwa na sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Nimeishi na maneno yale matatu muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu mwingine yeyote. Watu husema kweli haimdhuru mtu. Nilikuwa nikisema hivyo pia. Lakini ninajua nilichokwenda kufanya kwa Bwana Pinto: nilikwenda kujitua mzigo wangu, na sikuangalia ninamtulia nani. Ni kama mtu amwagaye maji ya beseni nje ya mlango bila kutazama anayepita. Maji yalikuwa machafu kweli na kuyamwaga ilikuwa lazima. Lakini nilikuwa na macho. Tangu mwaka ule sijasema uongo, na sijasema kweli ya mtu mwingine kabla ya kumwuliza, isipokuwa mara moja nitakayoisimulia.

Aliondoka kwenda Sengerema wiki mbili kabla ya Uhuru. Asubuhi hiyo Bi Zuhura alimfungia maandazi, na Bwana Mashauri akaniamkia kwa heshima kana kwamba mimi ndiye mkubwa, jambo lililoniumiza zaidi. Alichukua sanduku lake la bati na huu mfuko, na soksi ya mpira ndani yake. Vilikuwa vyake. Sahani iliyokufa aliiacha stoo, imefungwa kwa ile kanga ya mkewe.

Siku ya Uhuru tulivaa nguo nilizozishona mimi karibu zote, tukatembea hadi mjini, tukaimba. Mmoja wa wale makuli alilia machozi, na mwenziwe hakumtania. Nilifurahi, sitasema sikufurahi. Lakini nilikuwa nikitazama chini ninapotembea. Koili ya Nairobi ilifika baadaye, pamoja na fundi mwingine, kijana hodari aliyecheka alipoambiwa habari za soksi. Aliiburuta juu ya changarawe wiki tano ikapasuka. Ndipo nilipokwenda mara ya pili, safari hii kwa wachimbaji wenyewe. Kigingi kilikuwa kimeshaibwa kuwa kuni, lakini nilisimama kwenye ufa wa jiwe, nikahesabu hatua kumi na moja kuelekea ziwani, nikasema chimbeni hapa. Niliwaambia ni Bwana Mashauri aliyesikia, si mimi. Walikuta kifuniko kwa kina cha goti. Bomba la uani kwa Bi Zuhura lilipofunguliwa lilikohoa kutu kwa muda, kisha likatoa maji, na yeye akaweka sufuria ya kwanza kando, akasema hiyo ni ya mwenye sahani. Ilikaa pale mpaka jua likayanywa maji yote.

Bwana Mashauri nilimwona mara moja tu tena, sokoni Mkuyuni, nikiwa na watoto wangu wawili na yeye akiwa na mvi. Alikuwa amekuja na magunia ya karanga kutoka shambani kwake. Tulisalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Aliniuliza kama bado nashona, nikamwuliza kama mvua zilikuwa nzuri huko kwao, akasema karanga zimekubali. Nilipokuwa nikiaga akasema, "Mfuko wako ninao. Nitaurudisha." Nikamwambia abaki nao. Akatikisa kichwa.

Binti yake aliamka jua likiwa limeshafika kwenye mguu wa meza. Aliomba radhi kwa kulala, nikamwambia nyumba ambayo mgeni hawezi kulala si nyumba. Aliona mfuko bado umefungwa, akanitazama. Nikaufungua mdomo wa mfuko. Juu kulikuwa na soksi ya mpira, imekauka na kupasukapasuka, lakini ndani yake safi, hakuna hata chembe ya mchanga. Chini ya soksi kulikuwa na kopo la maziwa lenye kifuniko cha kubana. Nililitikisa, nikasikia ule mchakariko. Mikono yangu haina nguvu tena, binti akalifungua kwa ncha ya kijiko. Karanga. Za kukaanga, mpya, za msimu huu.

Akaniambia kwamba kwao kila mavuno hilo lilikuwa jambo la kawaida. Karanga za kwanza zilikaangwa, baba yao akamwaga za mwaka uliopita kwa kuku, akajaza kopo upya, akalirudisha mfukoni. Watoto walipouliza, alisema kuna chombo cha mtu cha kurudisha na hakitarudi kitupu. Walipouliza kwa nini kopo, alisema ni kwa ajili ya panya. Walicheka kila mwaka, hawakujua wanachekea nini, na yeye alicheka pamoja nao.

Kopo la bati, chini ya soksi ambayo alinikataza kutia hata pini. Nililishika mapajani, la baridi. Meno ya kutafunia karanga sina tena, kwa hiyo nilimwomba binti achukue kinu pale nyuma ya mlango, azitwange konzi mbili, tupikie mboga ya usiku. Nyingine nikazifunika. Kesho kutwa akiondoka ataondoka na mfuko, na sijajua bado nitamtilia nini ndani.